Gonga Mlango Wiki ya Tatu

Novemba inapoanza, vituo vya daladala vya Mwenge, Ubungo na Mawasiliano hujaa vijana wenye mabegi makubwa wanaoulizia gari la Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengine nywele ndiyo kwanza zinaota baada ya mafunzo ya JKT. Bahasha ya vyeti wameikumbatia kifuani, simu kutoka nyumbani haziishi. Nyuma ya kila mmoja wao kuna ukoo uliochanga, mama aliyeuza kitu, mdogo aliyeambiwa asubiri kwanza. Nawaandikia hao, pamoja na wenzao wanaoripoti Dodoma, Mbeya, Morogoro, Mwanza na Zanzibar. Nimeishi karibu na vyuo kwa muda wa kutosha kulisema hili bila kusita: wengi wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza wana akili sawa kabisa na wanaobaki. Walichokosa ni kubisha hodi mapema.

Basi, mdogo wangu, nisikilize.

Kidato cha sita ulilelewa na kengele. Kulikuwa na kengele ya kuamka, kengele ya prepo, mwalimu wa zamu, daftari la mahudhurio, na mwalimu wa darasa aliyejua kwenu ni wapi na baba yako anafanya nini. Ukishuka kwenye Hisabati, uliitwa. Chuoni hakuna wa kukuita. Utaingia kwenye mhadhara wa Stadi za Maendeleo mkiwa mamia, wengine wamesimama mlangoni, mhadhiri anaongea kwa kipaza sauti, anaonyesha slaidi, anataja vitabu vitatu, anaondoka. Usipokuja hakuna atakayekuuliza. Usipoelewa, anayejua ni wewe peke yako. Ukimya uliosifiwa nyumbani na shuleni kuwa ni adabu, hapa utakugharimu, na gharama yake huja taratibu kiasi kwamba unaweza usiione hadi matokeo yatoke.

Tazama hesabu. Katika vyuo vyetu vingi kosiweki ina alama 40 na mtihani wa mwisho, yaani UE, una 60. Mlimani alama ya kufaulu somo ni 40 kati ya 100. Aliyeingia kwenye UE na kosiweki ya 28 anatafuta 12 tu, na ana nafasi ya kutafuta alama za juu akiwa ametulia. Aliyeingia na 12 anahitaji 28 kati ya 60, siku hiyo hiyo, kwenye karatasi moja, moyo ukimdunda. Kosiweki hiyo imejengwa na tesiti na kazi za semina ambazo huanza kabla hujazoea hata foleni ya kafeteria. Anayesubiri matokeo ya tesiti ya kwanza ndipo ajue kwamba alipotea, tayari ameshaziacha alama nyuma. Na GPA utakayohitimu nayo huanza kuandikwa muhula huu wa kwanza.

Ndiyo maana nasema wiki ya tatu. Wiki ya kwanza unatafuta madarasa, ya pili unatafuta madesa. Ya tatu mada zimeshaanza kupandana, na wewe umeshaona pale unapokwama. Hapo ndipo pa kugonga mlango wa mhadhiri.

Najua unachokiogopa. Anaitwa Daktari au Profesa, ameandika vitabu, na wewe unatoka shule ambayo mwalimu wa Fizikia alikuwa mmoja kwa kidato chote. Nenda. Saa za kuonana na wanafunzi mara nyingi zimebandikwa mlangoni pake, na saa nyingi kati ya hizo hupita bila mwanafunzi hata mmoja kuingia. Nenda na notisi zako na kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa wenyewe. Ukimwambia hujaelewa mada nzima, hana pa kuanzia. Mwambie, "Nimekufuata mpaka hatua hii, hapa ndipo nilipopotea," naye atashika kalamu mara moja, kwa sababu swali la namna hiyo linamwonyesha kwamba umeshajitahidi. Wahadhiri huwakumbuka wanafunzi wa aina hiyo miaka mingi baadaye, wanapoombwa barua za kuwadhamini kwenye ajira na masomo ya juu.

Kiingereza kisikuzuie. Umesoma sekondari ambayo kitabu kilikuwa cha Kiingereza na maelezo ya mwalimu yalikuwa ya Kiswahili, na sasa mhadhara mzima unakuja kwa Kiingereza, tena kwa kasi. Kushindwa kuufuata wiki za kwanza hakusemi chochote kuhusu uwezo wa kichwa chako. Ofisini, wahadhiri wengi watakuelewesha kwa Kiswahili ukiomba. Kwenye vimbweta, yaani meza za kujisomea nje, jadilini kwa Kiswahili mpaka dhana ikae, kisha kila mmoja aiandike kwa Kiingereza kwa maneno yake mwenyewe, na msomeane. Kwenye semina, andika sentensi zako mbili kabla ya kunyoosha mkono, halafu nyoosha. Watakaocheka watacheka siku moja. Wewe utakuwa umeanza kuongea.

Nimetaja vimbweta kwa makusudi, maana mafanikio mengi ya Mlimani yamezaliwa nje ya mihadhara. Chuo hiki kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, ndani ya jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kikahamia kilimani mwaka 1964. Mwaka 1967 wanafunzi wake waliunda chama cha kimapinduzi cha USARF (University Students' African Revolutionary Front), mwenyekiti akiwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Jumapili walikuwa na darasa lao wenyewe. Walisoma vitabu ambavyo hakuna mtihani uliowadai, wakabishana, wakakosoana. Walter Rodney, mhadhiri wao wa historia, alikuwa akiketi nao. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida lao, Cheche. Si lazima ukubaliane na siasa zao hata kidogo. Ninachotaka ukione ni kwamba vijana wa umri wako, wengi wakiwa wa kwanza kwao kufika chuo kikuu, hawakungoja kufundishwa. Tafuta wenzako wanne au watano. Kila mmoja apewe mada ya kuwafundisha wengine, kwa sababu atakayefundisha atalazimika kupiga msuli kwanza. Kikundi ambacho kazi yake ni kugawana madesa na kudesa majibu ya wengine, kihame haraka.

Maktaba mpya ya Mlimani iliyofunguliwa Novemba 2018 ina nafasi ya kukaa watu 2,100 kwa wakati mmoja. Mmoja wao uwe wewe, na usitoke siku ya kwanza kabla hujamuuliza mkutubi namna ya kutafuta makala za kitaaluma kwenye intaneti ya chuo. Atakuonyesha.

Halafu kuna mambo yanayomwangusha mtu nje ya darasa, nayo pia yana milango yake. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa au jina lako likikosekana, usilale njaa kimya kimya hosteli: chuo kina afisa mikopo, na Bodi ya Mikopo hufungua dirisha la rufaa. Ukiugua au ukifiwa karibu na mitihani, omba kuahirisha kabla ya kuingia chumba cha mtihani, ukiwa na karatasi za hospitali mkononi. Kuomba baada ya kufeli ni kazi ngumu mno. Usiku ukiwa mrefu na mawazo yakawa mazito, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ina watu wa ushauri nasaha, na hawatampigia baba yako simu kumwambia umeshindwa maisha.

Na wewe, dada. Yeyote atakayekudai mwili wako ili akupe alama anatenda kosa la jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kimeandikwa kwa ajili yake. Tunza ujumbe aliokutumia, mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, nenda dawati la jinsia, piga simu TAKUKURU namba 113, ni bure. Hujamkosea mtu yeyote adabu kwa kusema.

Sasa chukua ratiba yako. Chagua somo linalokutisha kuliko yote, kaa nalo jioni ya leo mpaka ufike mahali unapokwama, na uandike swali lako pale pale pembeni mwa notisi. Kesho gonga mlango. Ukikuta umefungwa, soma saa zilizobandikwa na urudi. Ukiambiwa hana nafasi, omba akupangie siku. Ukijibiwa kwa ukali, nenda kwa anayeendesha semina, kisha kwa mkuu wa idara. Chuo cha umma kinaendeshwa kwa kodi ya mama yako anayeuza maandazi na ya mjomba wako dereva wa lori, nawe una haki ya kufunguliwa kila mlango uliomo. Nenda.