Aibu ya Gari na Kunyamaza kwa Muuzaji

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na kuharimisha dhuluma. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyejulikana sokoni kwa uaminifu kabla ya kupewa Utume, na jamaa zake na masahaba wake. Amma baad:

Katika mambo ambayo watu wameyafanya mepesi, nayo mbele ya Mwenyezi Mungu ni mazito, ni kunyamaza kwa muuzaji. Muuzaji akiambiwa kwamba amemghushi mwenziwe hujibu upesi: "Mimi sikusema uwongo. Hakuniuliza, nami sikumwambia." Na kwa maneno haya hudhani amejivua dhima. Basi masala yanayotafutiwa jawabu hapa ni mawili. La kwanza: mwenye kuijua aibu ya kitu akanyamaza, je, husalimika kwa kuwa ulimi wake haukutamka uwongo? La pili: aliyekwisha kughushiwa, je, ana ruhusa gani juu ya kitu kile kilichomwangukia mkononi?

Na achukuliwe kwa mfano mtu anayenunua gari la mbio lililokwisha tumika, kwani ni chache bidhaa ambazo aibu zake hufichika kama hizi na tamaa yake hupofusha kama hii. Magari haya mengi hutoka Japani, na kwa pwani ya Kenya hushushwa katika bandari ya Mombasa. Mashuhuri miongoni mwao ni Subaru Impreza WRX, iliyotoka mwaka 1992. Na Impreza iliposhinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1997, kisha mwaka 2000, jina lake lilikaa katika nyoyo za watoto wa siku zile, ambao leo ni wanaume wenye kazi na mishahara. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa gari kuukuu lililopita miaka 8, anayelitaka gari la zamani la namna hii hulipata kwa mtu aliyekwisha liendesha hapa hapa, naye alilipokea kwa mwengine, na yule kwa mwengine.

Tena gari la mbio si kama gari la kupelekea watoto chuoni. Injini yake ina turbo, nayo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini wenyewe, ikasukuma hewa ndani ili nguvu izidi. Na mzunguko wake hupita mara 100,000 kwa dakika moja. Mwenye gari akilipiga mbio kabla injini haijapata moto, au akichelewesha kubadilisha oili, turbo huliwa, na pistoni huweza kupasuka ndani, na nje bodi ikawa inang'aa kama kioo.

Na muuzaji asiyemcha Mungu ana hila zinazojulikana. Huiwasha injini kitambo kabla mnunuzi hajafika, kwa sababu mgongo wa pistoni husikika zaidi injini ikiwa baridi, na moshi wa buluu wa oili huonekana inapowashwa mara ya kwanza. Humimina oili nzito ili mlio upungue. Huosha injini ili mavujo yasionekane. Huirudisha nyuma mita, kilomita 180,000 zikasomeka 80,000. Huificha karatasi ya mnada wa Japani, kwa sababu imeandikwa herufi R, na maana yake ni kwamba gari liligongwa kisha likatengenezwa.

Sasa adhaniwe kijana mmoja, mtu wa kazi, ambaye mamake ameuza bangili zake za dhahabu ili akamilishe bei ya gari kama hilo. Amefika kwa muuzaji alasiri, injini imekwisha pata moto. Fundi aliyekuwapo pale anaijua injini ile, kwani aliifungua yeye mwezi uliopita akaona gasketi imeungua. Lakini amepewa bahashishi, naye amejishughulisha kufuta mikono. Kijana ameliendesha mara moja, moyo umemruka, fedha zimehesabiwa. Baada ya wiki moja maji ya rejeta yanatokota na moshi mweupe unatoka nyuma. Akirudi kwa muuzaji, kila mmoja ana udhuru wake. Na udhuru huo yafaa upimwe mmoja mmoja.

Udhuru wa kwanza ni kusema: "Sikutamka uwongo." Jawabu lake limo katika hadithi iliyo sahihi, ya kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alikataza kumwacha ngamia au mbuzi bila ya kukamwa ili chuchu zijae maziwa siku ya kuuzwa, na aliyemnunua mnyama huyo, baada ya kumkama, ana khiyari ya kumweka au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Na azingatie msomaji: mwenye mnyama yule hakusema neno hata moja. Mnunuzi aliona kiwele kimejaa akajidanganya kwa macho yake. Juu ya hayo, sharia ilikihesabu kitendo kile kuwa ni udanganyifu, ikampa mnunuzi haki ya kurudisha. Basi kuipasha injini moto kabla ya mnunuzi kufika ni kufunga kiwele, na kurudisha nyuma mita ni kufunga kiwele, ijapokuwa mdomo umefumbwa.

Udhuru wa pili ni kusema: "Aibu hii sikuifanya mimi, nililipokea hivi hivi." Jawabu lake ni hadithi ya muuza chakula. Bwana Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikapata unyevu. Mwenye rundo akasema kwamba ilinyeshewa na mvua. Mvua haikuwa kosa lake, wala hakuna aliyemshitaki kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha ikabainishwa kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Basi dhambi haikuwa katika kupatikana aibu, ilikuwa katika kuiweka chini na kukiweka juu kilicho kikavu.

Udhuru wa tatu ni wa fundi na dalali: "Gari si langu, biashara si yangu." Imam Ghazali katika Ihya ametaja kisa cha sahaba Wathila bin al-Asqa'. Mtu aliuza ngamia kwa dirhamu 300, na mnunuzi akaenda zake Wathila akiwa ameghafilika. Alipozindukana alimkimbilia akamwuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Alipojibiwa kuwa ni kwa kupanda, alimwambia kwamba katika unyayo wa ngamia yule mna tundu, hatastahimili mwendo wa kufululiza. Mnunuzi akarudi, bei ikapunguzwa dirhamu 100, na muuzaji akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Naye akajibu kwamba wao walimpa Mtume ahadi ya kumnasihi kila Mwislamu, na kwamba si halali kwa mwenye kuijua aibu ila aibainishe. Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Alikuwa mtu anayejua, na kujua kwake ndiko kulikomfunga. Wala asiogope fundi kwamba kusema ni kusengenya, kwani Imam Nawawi ameeleza kwamba kumnasihi anayenunua kitu chenye aibu asiyoijua ni katika ruhusa za kusema.

Na katika swali lile la Wathila mna faida kubwa. Tundu la unyayo si aibu kwa anayetaka nyama. Hivyo kuna gari linaloweza kwenda sokoni na kurudi miaka miwili bila tatizo, nalo halifai kupigwa mbio hata saa moja. Na aliyelinunua amelinunua kwa mbio. Aibu, kwa wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ni kile kinachopunguza kitu au thamani yake kwa namna ya kupoteza makusudio sahihi, ikiwa kwa desturi kitu cha jinsi ile husalimika nacho. Kwa hiyo tairi zilizochakaa na rangi iliyopauka katika gari la miaka 20 si jambo la kushitakia, kwani mwenye kununua kuukuu amekubali ukuukuu. Lakini gasketi iliyoungua, pistoni iliyopasuka na chasisi iliyounganishwa ni aibu zisizo na shaka.

Udhuru wa nne ni kusema: "Nilimwambia achukue kama alivyoliona, kwa kila aibu." Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba sharti hilo humtoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, wala halimtoi katika nyingine. Na hata mtu akisema kwamba injini kuukuu yafanana na mnyama kwa kuficha maradhi yake, bado sharti halimfai aliyejua. Hapana maneno yanayoweza kuifanya elimu yake kuwa ujinga.

Lakini mnunuzi naye asijifanye mtoto. Tamaa ndiyo inayomfumba macho, na mara nyingi huacha kuuliza kwa kuogopa jawabu. Na afike asubuhi, aguse injini kama ni baridi kabla ya kuwashwa. Na aje na fundi wake, aliyelipwa na yeye, aipime nguvu ya kila silinda. Na alinganishe nambari ya chasisi na hati ya gari, atake karatasi ya mnada, atazame pedali na usukani kama zimelika kuliko mita inavyosema. Kisha aulize kwa maneno ya wazi, jawabu liandikwe mbele ya mashahidi, kwani Qurani imeamrisha mashahidi katika kuuziana. Na akiiona aibu baadaye, aache kulitumia na arudishe bila ya kukawia. Kwa Mashafi khiyari hii ni ya papo kwa papo kwa desturi ya watu, na mwenye kuiona aibu Ijumaa akaendelea kulipiga mbio hata Jumatatu amejitilia haki yake mchangani. Na ikiwa limepata aibu mpya mkononi mwake, hawezi kumlazimisha muuzaji kulipokea, lakini ana haki ya fidia ya upungufu.

Limebaki jambo lililo zito kuliko yote. Adhaniwe kwamba muuzaji amekana, mashahidi hapana, na bangili za mama hazirudi. Kijana hunong'onezwa: na wewe lipashe moto, mpate mwengine. Hapa ndipo anapotahiniwa. Aliyemdhulumu ni mtu mmoja, na huyo atakayekuja kesho hakumdhulumu kwa lolote. Kumwuzia kwa kunyamaza si kulipiza kisasi, ni kuanza dhuluma mpya. Gari lile limepita mikono mitatu au minne, na kila mkono ulisema kwamba nao ulighushiwa. Ghishi haikomi mpaka ifike kwa mtu mmoja atakayekubali kuitaja aibu na kupokea bei ndogo. Hasara yake hapa ni fedha inayohesabika. Na wauzianao wakisema kweli na kubainisha, wameahidiwa baraka katika biashara yao, na wakificha, baraka hiyo hufutwa.

Ewe Mola, tujaalie ulimi unaobainisha, jicho lisilopofushwa na matamanio, na mkono unaokomesha dhuluma. Amin.