Kliniki ya Wasioumwa

Ukiingia hospitali, swali la kwanza ni, "Unasumbuliwa na nini?" Mwanamke mzima hana jibu. Akisema hasumbuliwi na kitu, amekuja kuangaliwa tu, waliokaa naye kwenye benchi watamgeukia wamtazame.

Mwaka 1937, jijini New York, daktari Elise Strang L'Esperance aliwafungulia mlango wanawake wa namna hiyo. Kliniki yake iliwapokea wanaojiona wazima, wachunguzwe kama saratani imeanza kujificha mahali popote mwilini, matiti yakiwemo. Ilikuwa ndani ya hospitali ya wanawake na watoto aliyoianzisha Elizabeth Blackwell, mwanamke wa kwanza Marekani kupata shahada ya udaktari.

L'Esperance alikuwa amekaa miaka mingi kwenye hadubini, akisoma vipande vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa. Naifikiria sana kazi ile. Uso wa mwenye nyama huuoni, lakini unajua kwamba amechelewa, na kesho kitaletwa kipande kingine. Tena saratani ilikuwa imeingia nyumbani kwao: mama yake, Kate Depew Strang, ilimuua. Yeye na dada yake walipopata urithi wa mjomba wao tajiri, seneta Chauncey Depew, fedha zile zikaenda kwenye kliniki yenye jina la mama. Sisi huwakumbuka marehemu wetu kwa hitima na arobaini, na ni jambo jema. Yeye alimkumbuka mama yake kwa kuwawahi mama za wengine.

Siku hizo kupiga picha za eksirei za matiti kulikuwa hakujaenea. Kifaa kikubwa kilikuwa mkono. Daktari hutumia nyama laini ya ncha za vidole vitatu, akizungusha viduara vidogo, kwanza kwa wepesi kisha kwa kukandamiza, tangu kwenye mtulinga hadi chini ya titi, halafu kwapani, mahali ambapo wengi hupasahau. Mkono hauna haraka. Hutafuta kitu kigumu, kidogo kama punje, ambacho mwenyewe hajakihisi.

Na mara nyingi punje hiyo haiumi. Hapo ndipo tunapopotea, maana tumezoea kuyasubiri maumivu yatupe habari. Shangazi yangu alikuwa na uvimbe, akawa anaufunika kwa kanga. Nilipomsihi aende hospitali alinijibu kwa upole, "Hauumi, mwanangu." Ulipokuja kuuma, titi lilikuwa limeshafanya kidonda. Simlaumu. Hakuna aliyemfundisha kwamba kutouma si dalili ya uzima.

Mwaka 1951 L'Esperance alipewa Tuzo ya Lasker pamoja na Catharine Macfarlane, daktari mwenzake wa Philadelphia ambaye pia alikuwa akiwapima wanawake wazima. Alifariki mwaka 1959. Kwangu mimi, heshima yake kubwa ni kwamba alimwona asiyeumwa kuwa anastahili muda wa daktari.

Basi dada yangu, mama yangu, usingoje kuumwa. Nenda. Wakikuuliza unasumbuliwa na nini, waambie husumbuliwi na kitu, umekuja kuangaliwa. Nao wakugeukie, wakutazame.