Samaki Mkunje Angali Mbichi

Kambale wa kukaushwa kwa moshi hukunjwa kwanza, mkia ukaingizwa mdomoni, ndipo apangwe juu ya moto. Akishakauka hakunjiki tena. Akilazimishwa, atavunjika vipande. Hiyo ndiyo picha iliyomo katika methali hii, ambayo mara nyingi hutumiwa kuhimiza nidhamu ya watoto.

Matumizi hayo ni sahihi, ila ni finyu. Kitenzi "mkunje" humwelekea aliyemshika samaki, wala si samaki mwenyewe. Wajibu, basi, ni wa mlezi, na lawama ya ukavu ni yake akichelewa. Neno "angali" nalo linahesabu muda: ubichi upo, lakini unapita.

Katika ngoma, ukweli huu huonekana wazi Usukumani, nchini Tanzania. Bugobogobo ni ngoma ya wakulima, iliyokua katika vikundi vya kulima pamoja kwa mapigo ya ngoma. Mchezaji hurusha jembe juu, hugeuka, kisha hulidaka bila kupoteza pigo. Mtoto aliyekulia kando ya uwanja huo hujifunza pigo kwa nyayo na mabega kabla hajaweza kulieleza kwa maneno. Anayeanza ukubwani huhesabu hatua kichwani, na mwenye kuhesabu hapati nafasi ya kuongeza lake.

Na kuongeza ndiko kunakotakiwa. Katika mashindano ya Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa kile kinachovuta watazamaji wengi zaidi. Mbinu iliyokwisha kuzoeleka haimvuti mtu, kwa hiyo kila kikundi hutafuta jipya: vazi, wimbo, mruko, hata chatu huingizwa uwanjani. Ubunifu wa namna hiyo hauwezi kuazimwa siku ya mashindano. Huchipuka katika mwili uliokwisha kulizoea pigo.

Ipo tahadhari ambayo methali yenyewe inaibeba, nayo husahaulika mno: kukunja si kuvunja. Hata samaki mbichi huchanika akikunjwa kwa pupa. Mtoto anayekemewa kila anapotia mbwembwe yake huishia kuiga tu, kwa usahihi na bila uhai. Mlezi mwenye busara humwacha kwanza acheze apendavyo, kisha humrekebisha bega au mguu, na ile mbwembwe humwachia.