Je, Fundi Hodari Ndiye Mtu Mwema?

Wazazi wengi hufurahi wamwonapo kijana wao ameshika spana wakati wa jioni badala ya kuzurura na wenziwe. Twaielewa furaha hiyo, wala hatutaki kuiharibu. Walakini liko swali moja ambalo furaha hiyo hulipita upesi mno. Kijana akijifunza kutengeneza kitu vizuri, je, amejifunza pia kuwa mtu mwema? Ama hayo ni mambo mawili yawezayo kukaa katika nyumba moja bila kujuana?

Ili tusizungumze hewani, na tutazame kazi moja iliyowashughulisha vijana wa Marekani, hasa wa California ya kusini, tangu miaka ya 1930. Kijana hununua gari kuukuu, aghalabu Ford, ambalo mwenyewe amekwisha kuliacha. Huliondolea madigadi na kila kizito kisichohitajiwa, hulishusha sehemu ya mbele, hulitia injini yenye nguvu zaidi, kisha hulikimbiza. Gari la namna hiyo huitwa huko hot rod. Wale waliotangulia walipenda magari mepesi ya wazi. Sedani, yaani gari la jamaa nzima lenye paa la chuma na viti vya nyuma, haikutamaniwa sana, kwa kuwa ilikuwa nzito, na paa lake lilisimama kama kibanda likakamata upepo. Lakini kijana asiye na fedha huchukua kile alichoachiwa na wengine. Basi hukata nguzo za paa, akaondoa inchi tatu au nne, akalishusha paa na kulichomelea upya. Asemaye kwamba hiyo ni kazi ya mchezo hajapata kuijaribu. Nguzo zimelala, hata ukiisha kuzifupisha ncha zake hazikutani tena, na vioo navyo havina budi kukatwa upya. Tungependa kuwaona watu wazima wengi wakiwa na saburi ya namna hiyo.

Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari la bei nafuu lenye injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye nguvu za farasi 65. Vijana hawakukawia kuona kwamba injini hiyo yaweza kuongezewa nguvu kwa kabureta mbili mahali pa moja, na kwa vichwa vya silinda vinavyoigandamiza hewa zaidi. Lakini breki za gari hilo zilivutwa kwa vyuma virefu kutoka kwenye kikanyagio. Ford hawakutia breki za mafuta hata walipotoa magari ya mwaka 1939. Ndiyo sababu kijana mwenye akili alikwenda kwenye yadi ya vyuma chakavu kutafuta breki za Ford ya 1939, apate kuzifunga katika gari la 1932.

Hapo ndipo linapoanza swali letu, kwa maana mfuko wa kijana ni mmoja. Fedha ziwezazo kununua breki ndizo ziwezazo kununua kabureta ya pili. Kabureta ya pili huonwa na kila apitaye, nayo husikika mtaa mzima. Breki hakuna azisifuye. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali ambao gari lahitaji ili lisimame kwa breki zile zile huzidi mara nne. Kijana aliyepita shuleni aweza kuifanya hesabu hiyo kichwani. Hatuwezi kusema kwamba hakujua.

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu cha sita cha maandiko yake ya maadili yajulikanayo kwa jina la Nikomako, alitenga ustadi wa kutengeneza vitu na busara ya kutenda. Akaonyesha jambo ambalo mara ya kwanza hustaajabisha. Katika ustadi, mwenye kukosea kwa makusudi ni afadhali kuliko mwenye kukosea bila kujua. Katika busara na fadhila, mambo ni kinyume chake.

Tuwafikirie vijana wawili. Wa kwanza amechomelea mkono wa usukani vibaya, kwa kuwa hajui kwamba chuma chaweza kung'aa juu na ndani kisishikane. Wa pili ajua sana. Ametazama, akaona kwamba moto haukuingia. Lakini ni Jumamosi, rafiki zake wangojea nje, na kulikata lile ungo na kuanza tena ni kazi ya saa mbili. Basi hulisugua kwa tupa, hulipaka rangi, na hakuna atakayeliona. Ukiwapima kwa ufundi, huyu wa pili amempita mwenziwe mbali. Alikosea kwa kupenda, na angalitaka angalifanya vema. Ukiwapima kwa utu, ufundi wake wote wageuka kuwa shahidi dhidi yake. Maarifa yale yale yaliyomfanya astahili sifa ndiyo yaliyomwondolea udhuru.

Wala kuficha peke yake si kosa. Mafundi wa zamani wa magari hayo walijaza maungio ya bodi kwa risasi iliyoyeyushwa, wakayalainisha hata jicho lisione mahali paa lilipokatwa. Hakuna aliyedhulumiwa, maana risasi ile hubeba rangi tu, haibebi uzito wa mtu. Uongo waanza pale ulaini ule ule unapofanywa juu ya chuma ambacho uhai wa mtu utakitegemea. Nasi hatuko mbali na jambo hili. Msomaji wetu aliyepata kupanda basi ambalo bodi yake ilijengwa na mafundi wa mjini juu ya chasisi ya lori ajua kwamba abiria husoma maandishi ya ubavuni. Hainami kutazama chini.

Kijana atajibu: gari ni langu, nimelinunua kwa jasho, nimelijenga kwa mikono yangu. Ni kweli, tena twaiheshimu milki ya namna hiyo kuliko ile ya mtu aliyepewa ufunguo na baba yake. Lakini jasho lake limenunua gari, halikununua barabara. Wamarekani walilipata somo hili kwa uchungu. Vijana wao walishindana usiku katika njia za watu wote, na wananchi wakakasirika. Wengine walikwisha kutafuta njia bora. Mwaka 1937 vyama vya vijana wa kusini mwa California viliungana ili kupima mwendo katika maziwa makavu ya jangwani, kama Muroc, na baadaye El Mirage. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha National Hot Rod Association, ili mashindano yatoke njiani yaingie viwanjani penye kanuni. Moja ya kanuni hizo ni kwamba gari hukaguliwa kabla ya kukimbia. Kwetu sisi kanuni hiyo yapita mwendo wote uliopata kuandikwa, maana kijana mwenye kiburi cha mikono yake hukubali mtu mwingine alale chini ya gari lake na kusema: hili hapana.

Hata hivyo mkaguzi hawezi kuwapo kila usiku katika kila banda. Na sifa za watu ni hakimu asiyetegemewa. Magari hayo yaliyolaumiwa sana zamani yalikaribishwa mwaka 1997 katika maonyesho ya magari ya fahari huko Pebble Beach, penye matajiri na vikombe. Dunia ilibadili maoni yake. Ungo uliochomelewa vibaya haukubadilika kwa hilo.

Tumesema kwamba sedani ina viti vya nyuma. Gari dogo la wazi humhatarisha zaidi yeye aliyelijenga. Sedani ikiisha kupakwa rangi, atakayekuwa wa kwanza kuomba apandishwe ni mdogo wake, ambaye kwa muda wa miezi mingi amekuwa akimshikia taa na kumletea maji. Huyo hajui lolote juu ya chuma. Amjua kaka yake tu. Basi mzazi atakayeombwa ruhusa, kabla hajaisifu rangi, na aombe kuonyeshwa kule chini, hasa penye usukani na breki, na amwulize mwanawe kwa upole ni mahali gani ambapo yeye mwenyewe hajaridhika napo. Kijana akijibu kwamba pote ni sawasawa, tungemwomba mzazi angoje kidogo. Akiinama, akapaonyesha kwa kidole, akasema kwamba pale moto haukuingia vizuri na kwamba fedha za breki zimepungua, tungemkopesha.