Beba Ujuzi, Karatasi Ziache

Desemba 1996 Jeshi la Anga la Marekani lilizichuja kampuni zilizokuwa zikigombea kuunda roketi mpya za kurushia satelaiti zake, likabakiza mbili: Lockheed Martin na McDonnell Douglas. Kila moja ilipewa dola milioni 60 iendelee na michoro na mahesabu. Mpango wa wakati huo ulikuwa mshindi awe mmoja tu, na huyo angelikamata soko la satelaiti za kijeshi kwa miaka mingi. Wa pili angebaki na hasara yake.

Januari 1997, ushindani ukiwa umepamba moto, McDonnell Douglas ilimwajiri mhandisi kutoka kwa mpinzani wake. Alikuwa Florida kwenye mradi wa roketi wa Lockheed, akahamia California kwenye mradi wa roketi wa washindani.

Kuhama si kosa. Sheria ya California humbeba mfanyakazi: mkataba unaomzuia mtu asifanye kazi kwa mshindani baada ya kuacha kazi kwa kawaida hauna nguvu huko. Mtu aliyetumia ujana wake akisanifu roketi hawezi kuambiwa ujuzi wake aukabidhi getini pamoja na kitambulisho. Lakini Oktoba 1996, miezi mitatu tu kabla ya ajira hiyo, Marekani ilikuwa imepitisha sheria iliyoufanya wizi wa siri za biashara kuwa jinai ya shirikisho, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 10. Ujuzi wa kazi ulibaki kuwa wa mtu. Michoro, gharama na zabuni vilibaki kuwa vya mwajiri aliyevilipia.

Agosti 1997 Boeing iliinunua McDonnell Douglas. Ilinunua viwanda, mikataba na wahandisi, na pamoja navyo kila kilichokuwa kwenye madroo ya wahandisi hao. Serikali nayo ilibadili mpango, ikaamua kazi igawanywe. Oktoba 1998 matokeo yakatangazwa: kati ya safari 28 za roketi, Boeing ilipata 19 zenye thamani ya dola bilioni 1.38. Lockheed ikaambulia 9, za dola milioni 650.

Mambo yaliharibika Juni 1999, na yalianzia ndani. Mfanyakazi mmoja wa Boeing alitoa taarifa juu ya nyaraka za Lockheed, na kampuni ikapekua ofisi. Kwa mujibu wa hati za waendesha mashtaka, zilikutwa nyaraka 141 zenye kurasa zaidi ya 3,800 zilizoonekana kuwa za Lockheed Martin. Agosti mwaka huohuo vibarua viwili viliota nyasi: cha mhandisi aliyehama na cha mwenzake aliyemvuta.

Nyaraka zenyewe hazikuhitaji mtaalamu kuzitambua. Kadhaa zilikuwa na maandishi ya kuonya kwamba ni mali ya Lockheed Martin na ni nyeti kwa ushindani. Baadhi zilihusu gharama za kuiunda roketi ya Lockheed, na hapo ndipo penye uzito wa kisa. Katika zabuni, anayeijua gharama ya mwenzake halazimiki kuwa na roketi bora. Anajua mwenzake anaweza kushusha bei hadi wapi, naye anashuka hatua moja zaidi. Hata asipoutumia ufahamu huo, hakuna atakayemwamini akisema hakuutumia.

Kilichofuata ndicho kilichoiumiza Boeing kuliko upekuzi wenyewe. Mwaka 1999 iliwaarifu Lockheed na Jeshi la Anga, lakini kilichoonyeshwa kilikuwa sehemu ndogo tu. Miaka ikapita, nyaraka nyingine zikawa zinajitokeza kidogo kidogo, hadi hesabu ikavuka kurasa 20,000. Juni 2003 Lockheed ilifungua kesi huko Florida, na mwezi huohuo waendesha mashtaka wa California wakawafungulia wahandisi wale wawili mashtaka ya jinai. Walidai kwamba mhandisi aliyehama aliahidiwa kazi ili aje na zabuni ya Lockheed.

Julai 2003 Jeshi la Anga likatoa adhabu. Boeing ilinyang'anywa safari saba za roketi zenye thamani ya takriban dola bilioni 1, na vitengo vyake vitatu vikafungiwa kupata mikataba mipya ya serikali. Kifungo hicho kilidumu miezi 20.

Kabla mwaka haujaisha, kampuni hiyohiyo ikaingia kwenye kashfa nyingine ya kuajiri. Darleen Druyun, aliyekuwa afisa mkubwa wa manunuzi wa Jeshi la Anga, alizungumzia kazi na Boeing huku bado akisimamia biashara za kampuni hiyo na serikali. Alihukumiwa kifungo cha miezi tisa. Michael Sears, mkuu wa fedha wa Boeing aliyefanya naye mazungumzo hayo, akapata miezi minne. Mwaka 2006 Boeing ililipa dola milioni 615 kumaliza mashauri yote mawili na serikali.

Na Lockheed? Mwaka 2005 mahasimu hao walikubaliana kuunda kampuni moja ya kurusha roketi, kesi ikafutwa, na Desemba 2006 United Launch Alliance ikaanza kazi, ikirusha roketi za pande zote mbili. Gharama ambazo watu walipoteza ajira na heshima kwa ajili yake zikaishia chini ya paa moja.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya wakubwa wenye roketi. Sivyo. Afisa mikopo anayehama benki na orodha ya wateja kwenye flashi, mfamasia anayeondoka na bei za wasambazaji, mkadiriaji majengo anayefungua zabuni za bosi wa zamani kwenye kompyuta ya bosi mpya, wote wako kwenye njia hiyohiyo.

Kwa anayehama: ondoka mikono mitupu. Kabla ya siku ya mwisho rudisha kompyuta, madaftari na flashi, na uandikishe kwamba umerudisha. Faili ulizojitumia kwenye barua pepe yako binafsi ili umalizie kazi nyumbani, mwambie mwajiri ili zifutwe kwa utaratibu. Ukizifuta mwenyewe kimyakimya, siku ya kesi utaonekana umeficha ushahidi. Usijidanganye pia kwamba takwimu ulizozikariri ni halali kwa kuwa hazipo kwenye karatasi: siri inaweza kubebwa kichwani. Tofauti ni kati ya kujua namna ya kukadiria gharama na kuijua gharama ya fulani.

Kwa anayeajiri: jiulize unamtaka mtu au unautaka mzigo wake. Kwenye usaili, anayekuonyesha siri za bosi wake wa sasa ili umpende anakuonyesha atakavyozitendea zako. Mwambie azirudishe kwenye mkoba, na usaili uishie hapo. Ukishamwajiri mtu kutoka kwa mshindani wakati zabuni iko mezani, mpangie kazi nyingine hadi zabuni ipite. Utapoteza miezi michache ya ujuzi wake, ambayo ni nafuu kuliko miezi 20 ya kufungiwa.

Na kwa anayegundua uchafu nyumbani kwake: toa vyote, siku moja. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kukutwa na karatasi za mwenzako kunaweza kuelezwa kuwa kosa la watu wawili wenye tamaa, ambao kampuni imewatimua. Karatasi zinazoendelea kujitokeza miaka minne baadaye haziwezi kuelezwa hivyo, kwa sababu kwa muda wote huo aliyekuwa nazo ni kampuni yenyewe.