Je, Kupanda Bila Kulima ni Uvivu?

Hapa kwetu Lemera mtu hupimwa kwa jembe lake. Ageuzaye udongo tangu alfajiri huitwa mchapakazi; asiyefanya hivyo huitwa mvivu, na jina hilo likimshika halimtoki upesi. Mimi mwenyewe nalimpa mama mmoja mjane jina hilo mbele ya watoto wa shule. Yeye hakulima shamba lake la mteremkoni. Alitawanya maharagwe ndani ya magugu, kisha akayafyeka magugu na kuyaacha yazifunike mbegu.

Mtu atasema: Mungu hakumwambia Adamu kwamba atakula kwa jasho? Ndiyo, lakini jasho lile lilitajwa kama adhabu ya dhambi, hatukuamriwa kulitafuta. Kama jasho lenyewe lingekuwa wema, basi achotaye maji kwa kikapu angetupita wote kwa utakatifu.

Huko Japani, katika kisiwa cha Shikoku, alikuwako mkulima aitwaye Masanobu Fukuoka (1913–2008). Alipanda mpunga na shayiri miaka mingi bila kulima: alirusha mbegu za zao la pili kabla la kwanza halijavunwa, akafunika shamba kwa mabua. Tena alizifungia mbegu katika vidonge vya udongo wa mfinyanzi, ndege wasizile, zikangojea mvua. Lakini hapo mwanzo aliiacha tu miti ya machungwa ya baba yake bila kuitunza, na mingi ikafa. Ndipo alipotambua kwamba kuacha na kutunza ni mambo mawili.

Basi tusiulize mtu ametoka jasho kiasi gani, bali ameangalia nini. Mjane yule aliijua siku ya mvua kukaribia. Alichagua mbegu moja moja. Akakaa shambani siku nyingi akifukuza kuku, kazi ambayo mimi nisingeivumilia. Mihogo yake aliipanda kwa jembe kama sisi sote, maana muhogo hutaka udongo uliolegea.

Mvua kubwa zikanyesha. Udongo wa bustani yangu, niliyoilima vizuri na kuisifu, ukateremka na maji kuelekea bonde la Ruzizi. Wa kwake ulibaki chini ya majani. Nisiseme uongo: maharagwe yake hayakuzidi ya jirani waliolima. Lakini shamba lake lingalipo.

Anyang'anyaye mbuzi hurudisha mbuzi. Mimi nalikuwa nimemnyang'anya jina jema, nami naliwafundisha wengine kwamba hilo nalo hurudishwa. Kwa hiyo nalikiri kosa langu darasani, mbele ya watoto walewale, kisha nikaenda kwake kuomba msamaha. Akaniitikia kwa upole. Halafu akaniuliza kama watoto wawili wangeweza kuja asubuhi kufukuza kuku, kwa kuwa alikuwa ametawanya mbegu jana.