Mjane Asiyechoka



Agosti 2024, maelfu ya Wamasai wa Ngorongoro walikusanyika kwenye barabara ya kwenda Serengeti. Tangazo la Serikali lilikuwa limefuta kata 11 na vijiji 25 vya tarafa yao. Kina mama wenye shanga shingoni walikaa pale vumbini siku baada ya siku, kwa amani.

Mimi nawaona karibu sana na yule mjane wa Luka 18. Hakuwa na fedha wala rungu. Alikuwa na miguu ya kumrudia kadhi kesho na keshokutwa. Yesu alimtumia kufundisha kuomba bila kukata tamaa, na angalia alivyoomba: alikwenda kudai haki yake, mchana kweupe. Kwa Wamasai nako, tarehe 22 Agosti, Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha tangazo lile. Kesho yake Waziri Lukuvi akafika kuzungumza na wananchi.

Suala la ardhi yao halijakwisha. Wachungaji, mapadri, makatekista mnaosimama na watu hawa, nawaombea msichoke, na kijana mwenye hasira mumshike mkono mapema, kabla hajashika rungu.